Nilivyosafisha filamu kubwa bafuni, maji yakiwa ya mgao

Mtu akikwambia kuwa Nairobi huwezi kusafisha filamu, yaani kuitoa picha kwa dawa, nyumbani kwa sababu ya mgao wa maji, muulize yeye amesafisha ngapi. Mimi niliambiwa hivyo na wapigapicha wanne, wote wa dijitali kama nilivyokuwa, na ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika mkononi filamu kubwa ya karatasi moja moja. Mwaka huo bado unaniuma. Leo kabatini mwangu mna negativu (filamu zilizokwisha kusafishwa, mwanga na giza vikiwa kinyume) za inchi 4 kwa 5 zaidi ya mia moja, na zote nimezisafisha katika bafu la nyumba ya kupanga hapa Pangani, ambako maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki na wiki nyingine hayaji kabisa.

Nimepiga picha za harusi miaka kumi. Dijitali imenilisha na sijaiacha. Kilichonivuta ni negativu moja tu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio Ngara, niliyemwendea nikitafuta stendi ya taa ya kununua, alitoa bahasha kuukuu na kuinua dirishani negativu ya sentimita 6 kwa 6. Bibi harusi ameketi kitini. Nilichomoa lenzi ya kamera yangu, nikaigeuza nyuma mbele, nikaitumia kama kioo cha kukuzia. Nikaona uzi wa tarizi kwenye ukingo wa shela, na ndani ya mboni ya jicho nikaliona dirisha la studio na vyuma vyake vinne. Negativu yenyewe haikuzidi ukubwa wa biskuti. Nilitoka pale bila stendi.

Nilianza na Mamiya RB67 ya mtumba, ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Uingereza. Bei yake ilikaribia ya simu nzuri. Filamu ya 120, ile ya mkanda mpana, hukupa picha 10 kwenye kamera hiyo, na kuipakia hakuna maneno mengi. Ila anayekuletea filamu kwa ndege mwambie aombe ikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za eksirei za aina ya CT za kukagua mizigo ya mkononi huitia filamu ukungu. Mikanda miwili ya kwanza niliiharibu kwa jua. Sisi tuko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua linakaa utosini na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Kwenye dijitali ningeliona kosa papo hapo. Sasa watu nawapiga kabla ya saa tatu asubuhi au chini ya baraza, na mwanga naupima kwenye kivuli, kwa kamera yangu ile ile ya zamani ya dijitali. Negativu nyeusi na nyeupe inastahimili mwanga uliozidi kidogo, lakini kivuli ulichokinyima mwanga hakirudi.

Kamera ya inchi 4 kwa 5 ilikuja mwaka uliofuata. Hapo ndipo nilipotoa jasho.

Filamu yake ni karatasi moja moja, na kila kasha la kuingiza kwenye kamera hubeba mbili, moja kila upande. Unaipakia katika giza totoro. Nilikuwa sina mfuko wa giza, ule usiopitisha mwanga wa kupakilia filamu, nikaziba dirisha la bafu kwa blanketi na chini ya mlango nikasokota leso mbili za mama, lakini taa ya ulinzi ya jengo la pili ilikuwa ikipenya tu. Nikangoja. Usiku stima ilipopotea mtaa mzima, nikakimbilia bafuni kabla jirani hajawasha jenereta. Nikapakia karatasi nne huku naisikia mikono yangu ikitetemeka. Asubuhi nikaenda nazo msitu wa Karura, nikasimamisha kamera karibu na maporomoko, nikajifunika kitambaa cheusi, nikaitazama picha kwenye kioo cha ukungu ikiwa imesimama kichwa chini miguu juu. Nilikaa pale saa tatu nzima. Nilipozisafisha, zote nne zilitoka hafifu kama moshi uliopita juu ya plastiki.

Wale wanne waliniambia dawa ya kusafishia imeoza. Nikanunua dawa nyingine, nikapiga nne nyingine, moshi ule ule. Nikampelekea mzee wa Ngara. Hakuuliza habari za dawa. Alifumba macho, akaishika karatasi moja kwa mkono wa kulia, akapitisha kidole cha shahada ukingoni, penye pengo ndogo zilizokatwa.

"Mwanangu, hizi pengo umezisikia?"

"Nimeziona, mzee."

"Sikukuuliza kuona. Zikikaa kona ya juu kulia, upande wenye dawa ya kunasa mwanga unakutazama wewe. Wewe umeipigisha picha mgongo."

Kumbe nilizipakia kinyume, na mwanga ulilazimika kupita nyuma, penye rangi maalumu ya kuuzuia. Akanifundisha pia kwamba ukipotelewa kabisa gizani, gusisha pembe ya karatasi kwenye mdomo uliolowa mate: upande wenye dawa unanata. Nilibaki na karatasi moja iliyoharibika mfukoni, na kwa wiki mbili nilikuwa nikiipakia na kuipakua macho yamefumbwa, hata nikisubiri wateja. Tangu hapo sijakosea hata moja.

Sasa maji. Ushauri niliopewa ulikuwa kwamba baada ya fiksa, dawa ya mwisho inayoifanya picha idumu, lazima uoshe filamu kwa maji ya bomba yanayotiririka nusu saa. Nusu saa! Nyumba yetu ina pipa moja na mitungi minne ya lita 20, na mtungi wa mkokoteni hupanda bei kila kiangazi kikikaza. Ningemwambia nini mama mwenye nyumba? Niliosha hivyo mara moja, mtungi mzima na nusu ukaenda, nikaona aibu hata kupita mlangoni pake.

Jibu lilikuwa limeandikwa muda wote kwenye maelezo ya Ilford wenyewe, watengenezaji wa filamu niliyokuwa nikiitumia. Ukishatumia fiksa isiyo na dawa ya kuigumisha filamu, unajaza maji tangi la kusafishia, unalipindua mara 5, unamwaga. Unajaza tena, unapindua mara 10, unamwaga. Unajaza mara ya tatu, unapindua mara 20, unamwaga. Kwisha. Tangi langu linachukua lita moja na karatasi sita, kwa hiyo kuosha ni lita tatu, maji ya kuoga mtoto. Ziko negativu nilizoosha hivyo mwaka wa kwanza na hazina doa.

Madoa niliyapata kwingine. Maji ya kisima ya mkokoteni yana chumvi, na filamu ikikauka inabaki na vipele vyeupe. Kwa hiyo suuzo la mwisho natumia maji ya betri, yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo. Soma kibandiko vizuri, kwa maana asidi ya betri huwekwa rafu hiyo hiyo.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni baridi ya Julai. Filamu ya HP5 Plus kwenye ID-11, dawa ya kuitoa picha, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inataka dakika 13 kwa nyuzi 20. Asubuhi ya Julai maji ya tangi la juu nyumbani kwetu yalikuwa nyuzi 16, na negativu zikatoka nyepesi. Sasa chupa zote nazisimamisha kwenye karai la maji vuguvugu na kipimajoto ndani, nazingoja zote zifike 20, ndipo naanza.

Mvukuto wa kamera, ile ngozi ya mikunjo kati ya lenzi na filamu, ulipotoboka, niliingiza tochi ndani yake usiku, nikahesabu nuru saba kama nyota. Fundi wa viatu Kariokor aliziziba kwa ngozi nyembamba na gundi, bei ya chakula cha mchana, nami nikasimama hapo hapo kuhakikisha hafanyi mkunjo uwe mnene.

Mwezi uliopita nilimpiga picha mama mwenye nyumba, uani, kwenye kiti chake cha plastiki. Nusu sekunde, akashikilia pumzi. Jioni negativu ilikuwa ikining'inia bafuni kwa kibanio cha nguo, akaja kuitazama, nywele zake za mvi zimegeuka nyeusi na uso umekuwa mweupe.

"Umetumia maji kiasi gani?"

"Lita tatu za pipani, mama. Nyingine nilinunua kituo cha petroli."

Akasogea karibu zaidi, akanyoosha kidole bila kugusa. "Hata kidani changu kinaonekana," akasema.