Nilimfuata Frank Knox hadi Pearl Harbor

Teksi ya kutoka uwanja wa ndege wa Honolulu hadi hotelini ilinigharimu fedha ambazo zingenifikisha Mwanza kwa basi kutoka Dar es Salaam, na chumba nilichopewa hakikuwa hata na dirisha la kufungua. Nilivumilia kwa sababu ya Frank Knox, mchapishaji wa Chicago Daily News ambaye Rais Franklin Roosevelt alimteua kuwa Waziri wa Jeshi la Majini mwaka 1940. Chicago nilikwisha kuliona jengo lililojengewa gazeti hilo kando ya mto, juu ya njia za reli; gazeti lenyewe lilifungwa mwaka 1978.

Knox alikuwa mpinzani wa Roosevelt. Mwaka 1936 aligombea umakamu wa rais kwa tiketi ya Republican, yeye na mgombea urais wake wakashinda katika majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Mimi natoka nchi ambayo Benjamin Mkapa alianzia kwenye kiti cha mhariri akafika Ikulu, hivyo nilitaka kujua mtu wa habari hufanya nini akikabidhiwa madaraka wakati wa vita.

Kwenye foleni ya boti ya kwenda kwenye mabaki ya meli ya kivita ya Arizona, iliyozamishwa Japani iliposhambulia kambi ya wanamaji ya Pearl Harbor na ambamo walikufa watu 1,177, nilisimama nyuma ya mzee mmoja Mmarekani mwenye asili ya Japani. Aliponiuliza nimefuata nini huko mbali, nikamtajia Knox. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba alizaliwa mwaka 1943 katika kambi ya Manzanar, jangwani California, ambako wazazi wake walifungiwa bila kushtakiwa kosa lolote.

Nilijua anachokusudia. Knox alifika Hawaii siku chache baada ya shambulio la tarehe 7 Desemba 1941, akajionea uharibifu kwa macho yake, na aliporudi Washington aliwaambia waandishi wa habari wazi kwamba majeshi hayakuwa katika hali ya tahadhari. Kwa waziri kulikiri jambo hilo mbele ya taifa lenye hasira, ilihitaji ujasiri, nami bado namheshimu kwa hilo. Lakini katika mkutano uleule alidai kwamba wasaliti wa ndani walikuwa wamefanya kazi kubwa Hawaii, dai ambalo uchunguzi haukulithibitisha. Maneno yake yalizidisha chuki, na miezi michache baadaye Wajapani na Wamarekani wenye asili ya Japani wapatao 120,000 walianza kuondolewa majumbani mwao.

Mzee aliniuliza kama Knox aliwahi kuyafuta maneno yale. Nilimjibu kwamba alifariki akiwa bado waziri, Aprili 1944, wakati watu wangali kambini. Akasema serikali iliomba radhi mwaka 1988 na kumlipa kila manusura dola 20,000, ila baba yake hakuwahi kuziona.

Wahariri walionifundisha kazi Dar es Salaam wangeirudisha habari ile ya wasaliti mezani kwangu na kuniuliza nimeitoa wapi. Knox, aliyeishi miaka mingi katika vyumba vya habari, alistahili kujiuliza swali hilo kabla ya kufungua kinywa. Nauli ikiruhusu, nitapitia makaburi ya Arlington alikozikwa.