Jinsi nilivyochora banda la sinema linalotazama Nyiragongo

Vijana wa kartie yetu hapa Keshero waliponiomba niwachoree banda la sinema, tayari walikuwa na picha kichwani: kuta nne, giza ndani, mlango mmoja, bango mbele. Kuta nne nilizikataa tangu siku ya kwanza. Mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, umekaa kati ya Ziwa Kivu na Nyiragongo, mlima wa volkano wa mita 3,470, na bado mtu anaweza kumaliza mwaka akihangaikia maisha bila kuinua macho kuutazama, mpaka siku ambayo wenyewe unamlazimisha. Watu wakishakusanyika jioni kwa ajili ya filamu, nikaona, waitazame nchi yao kwanza, filamu ifuate.

Parseli (kiwanja) tuliyopata iko juu ya lava ya zamani, na katikati yake kuna bonde dogo la mviringo. Kila aliyeliona alisema hapo ndipo pa kuweka viti: ngazi zishuke mpaka chini, nusu ya kazi volkano imeshaifanya. Mzee mmoja jirani alisikiliza, kisha akatuonyesha majani yaliyokauka mle chini na mijusi waliokufa. "Mutoto wangu," akaniambia, "mule mbuzi inaingiaka, haitokake."

Ni mazuku. Upande huu wa magharibi, kuelekea Bulengo na Sake, hewa ya ukaa hupenya kwenye nyufa za mawe kutoka chini ya ardhi. Ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mashimoni kama maji, haina rangi, na mtu haoni anapoingia. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku, upepo ukitulia, bonde hujaa tena. Ikizidi asilimia 10 ya hewa unayovuta, unazimia haraka. Sasa fikiria: sinema ni shughuli ya usiku, na watoto ndio hukimbilia viti vya mbele, yaani vya chini kabisa. Tuliita mtu mwenye kipimo akathibitisha, tukazungushia bonde ukuta wa mawe, nami nikalihamishia banda kwenye mgongo wa lava. Viti vikageuka: badala ya kushuka ardhini, vinapanda juu, safu kwa safu, juu ya ngazi za mawe. Yeyote anayejenga upande huu, hata kama ni ghala la makala (makaa), aulize habari ya mazuku kabla ya kushika kalamu.

Baada ya hapo mahali penyewe palianza kunipa majibu. Mlima uko kaskazini, basi watazamaji wanatazama kaskazini. Ziwa liko mgongoni, basi njia ya kuingilia inatoka upande wa ziwa. Jua linazama magharibi, na mwezi wa sita linasogea kaskazini kiasi cha kumpiga mtazamaji machoni kutoka kushoto mbele. Upande huo ndio pekee niliouwekea ukuta mrefu. Niliujenga kwa mawe meusi ya volkano, na hapa nataka kusema wazi kwamba sijaona nyenzo bora zaidi kwa sinema. Ukuta mweupe hurudisha mwanga wa projekta kwenye kitambaa na picha inafifia. Jiwe la lava linaumeza. Matundu yake na sura yake ya kukwaruza huvunja mwangwi, kwa hiyo maneno ya waigizaji yanasikika. Fundi wetu alitaka kuupiga lipu ya saruji upendeze. Nilimsihi auache hivyo, akauacha.

Kitambaa cha picha kina upana wa mita 4 na kinaning'inia kwenye kapi, na bomba la chuma limeshonwa chini yake kukipa uzito. Hicho ndicho moyo wa kazi yote. Watu wanafika saa kumi na moja jioni, kitambaa kimekunjwa juu, na mbele yao pako wazi: migomba, mabati ya mji, kisha mlima. Karibu na ikweta giza halichelewi. Jua likishazama, nusu saa haipiti. Hapo tunakishusha. Filamu ikiisha tunakipandisha tena kabla hatujawasha taa yoyote. Mlipuko wa 2021 ulilimwaga ziwa la lava lililokuwa kileleni, na tangu hapo wekundu wa usiku kuna siku unaonekana na kuna siku haupo, lakini watu hubaki vitini wakiutafuta. Upepo wa usiku nao hushuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo spika zilizo chini ya kitambaa zinasukumiwa sauti kuelekea kwa watazamaji.

Paa lilinisumbua zaidi. Mvua ya Goma juu ya mabati hufuta kila neno. Nilikumbuka shule ya Gando ambayo mchoraji wa majengo Francis Kéré aliijenga Burkina Faso mwaka 2001, ambako paa la bati limeinuliwa mbali na dari ili joto lipite katikati. Kule shida ni joto, hapa ni kelele, lakini nafasi ile ya hewa inasaidia pia. Chini ya bati nikatandika dari ya mikeka ya mafunjo, tabaka mbili. Mvua kubwa bado inasikika, ndogo haisumbui. Nguzo ni mikaratusi ya mashamba ya watu, kwa sababu banda la kuwapendesha watu mlima haliwezi kusimama juu ya miti iliyokatwa kwenye hifadhi ya Virunga.

Siku ya kuwaonyesha majirani mchoro, mama mmoja ambaye lava ya Januari 2002 ilichukua nyumba yake aliniuliza: "Na mulima ikilipuka usiku, tutapitia wapi?" Wengine walimtaka anyamaze, asilete mikosi. Mimi nilikaa naye. Alikuwa na haki yote, maana mlipuko wa 2021 pia ulianza jioni, na watu walikimbia gizani kuelekea Sake na Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda. Kutokana na swali lake upande wa mashariki hauna ukuta wala mlango, safu za viti zimekatwa na njia mbili pana badala ya moja, na mwisho wa kila ngazi mawe yamepakwa chokaa ili mguu uyaone. Pia alinieleza kwamba hataki kuutazama mlima ule saa nzima. Nikaongeza mabenchi juu kabisa, nyuma, yanayotazama ziwani, mahali ambapo taa za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, zinaonekana.

Kilichobaki ni miti. Juu ya lava hakuna udongo, kwa hiyo vijana wanauleta kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, kidogo kidogo, na maji ya paa tunayaelekeza kwenye tangi kwa ajili ya miche.