Umenisikia lakini?

Juzi kijana wangu kafukua begi langu la kurushia ndege akaibuka na ile hedseti ya waya, akanionyesha plagi zake za mwishoni, moja nene moja nyembamba. "Baba, mbona ziko mbili?" Nikamwambia nene ya kusikia, nyembamba ya kuongea. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki nimeishika tu.

Ile siku nilikuwa na mama kwenye Cessna 172, mara yake ya kwanza kupanda ndege ninayorusha mimi. Nilikuwa nimetoka kununua ule mfumo usio na waya, kiboksi unakichomeka kwenye matundu ya hedseti pale deshibodi, kinakula umeme kwenye tundu la chaja, halafu hedseti zenyewe zinaongea nacho hewani. Nilikipenda jamani. Mama hana waya wa kumsumbua shingoni, mimi nikigeuka hakuna kinachonasa kwenye mkanda, na kelele ya injini inamezwa mpaka unasahau kuna propela mbele yako.

Tukazunguka weee, tukarudi. Tuko sambamba na runwei, futi 1000 juu ya uwanja, nikabonyeza kitufe kwenye usukani nikaripoti kwa waongoza ndege wa mnarani, na hapo ndo nikashtuka: sijisikii. Hedseti ikiwa nzima ukiongea unajisikia mwenyewe masikioni, ndo unajua maiki iko hai. Mimi sauti yangu ilibaki ndani ya fuvu, kama umeziba masikio kwa vidole. Nikarudia. Wapi. Na kilichonitisha zaidi hakukuwa na mkwaruzo wala mkoromo wowote, ni kimya kizuri kabisa, kwa sababu hedseti zina betri zake, zinaendelea kuua kelele hata kama kiboksi kimeshakata roho. Sijui kilikata saa ngapi. Sijui mnara walikuwa wameniita mara ngapi.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ananiangalia, midomo inatembea taratibu, maneno marefu, uso umetulia, sijawahi kumwona ametulia vile, na mkono kauweka kwenye goti langu. Anaongea na mimi. Kakileta kimaiki karibu kabisa na mdomo kama nilivyomfundisha kabla hatujaondoka. Sikupata hata neno moja. Nikaitikia kwa kichwa.

Yaliyobaki yalienda haraka. Hedseti ya waya iko nyuma kabisa kwenye mizigo, haifikiki, nikaweka 7600, namba ya kusema redio imekufa, kwenye transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, nikakagua nje kama kuna ndege nyingine, nikatupa jicho mnarani, taa ya kijani, imetulia haipepesi, yaani tua. Nikatikisa mabawa kuwajibu, nikatua. Chini ndo nikakuta plagi ya umeme ya kiboksi imechomoka, mkoba wa mama umeilalia, na mkoba pale niliuweka mimi.

Siku hizi bado natumia isiyo na waya, sitadanganya, ila ya waya inakaa pembeni ya kiti changu na mkono unaifikia bila kuitafuta, na hakuna kitu kinachowekwa karibu na lile tundu.

Mama alifungua mkanda, akavua hedseti polepole asiharibu nywele. "Umenisikia lakini, mwanangu?"

Sikutaka ajue tumetua bila redio. Nikamwambia nimekusikia, mama.

Akanishika shavu, akashuka. Mpaka leo sijamuuliza alisema nini.