Pleti mpya sawa, lakini gari ni ya nani?

Huku Kenya kuna maneno ya kubadilisha sheria ya namba pleti za magari, na mimi siipingi hata kidogo. Baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 Nairobi Januari 2019 si polisi walipata gari ingine Kitengela iko na namba ile ile ya gari ya magaidi, yaani pleti moja ilikuwa feki, kwa hivyo hizi mpya za 2022 zenye alama ya QR, shilingi elfu tatu nalipa bila kelele.

Lakini mimi niliumizwa na pleti halali kabisa. Niliuza gari yangu ya Probox kwa jamaa wa hapa Thika, akalipa yote, tukaandikiana kwa karatasi ya daftari, nikampea funguo zote mbili, akasema mambo ya logbuku, ile hati ya mwenye gari, tutamaliza wiki ijayo. Miezi nane baadaye, saa tano usiku, simu inaita, afande anauliza kama ni mimi mwenye Probox hiyo, imegonga mtu wa boda Makongeni na dereva ametoroka. Jamaa naye simu imezimwa. Ile karatasi nilikuwa nimeikunja ndani ya Biblia, nikaichukua nikaenda nayo stesheni usiku huo huo, nikiomba Mungu wino usiwe umefutika.

Ndio nikakuja kusoma Sheria ya Trafiki. Kifungu cha 9 kinasema gari ikishauzwa isitembee barabarani zaidi ya siku 14 kama mwenye mpya hajasajiliwa, na aliyeuza naye anafaa kujulisha msajili wa magari ndani ya siku 7, hiyo ya siku saba hakuna mtu alikuwa ameniambia. Kifungu cha 8 nacho kinasema mwenye jina kwa rekodi ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Sasa kama wanafungua hii sheria, waandike basi ukiuza gari unang'oa pleti unabaki nayo, mnunuzi atafute yake. Ubelgiji wanafanya hivyo, pleti ni ya mtu, si ya gari, na huwezi endesha kwa jina la mwenzako miezi nane.

Asubuhi nilienda kumuona yule kijana hospitali, mguu umevunjika mara mbili, bibi yake amekaa kando ya kitanda ameshika helmeti iliyopasuka. Huyo bibi akaniangalia akaniuliza, "Ni wewe mwenye gari?" Nilianza kumueleza mambo ya logbuku, akageuza uso akaangalia ukuta.