Siku moja maishani mwangu: napima zebaki kwenye samaki

Kwanza tuelewane, mimi sinunui samaki na wala siyo mtu wa kukamata nyavu haramu. Napima zebaki kwenye samaki wa maji baridi, basi.

Saa 10 alfajiri macho wazi. Saa 11 na nusu niko mwaloni na boksi la barafu, mizani, ubao wa kupimia urefu na foili. Mitumbwi inaingia, napata sato kumi, napima, nafunga, naandika lebo, hapo hakuna stori.

Stori iko kwa mzee mmoja na kambare wake wa sentimita 94. Mimi hao wakubwa ndio nawatafuta, maana bakteria wa kwenye tope wanaigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ile aina yenye sumu inayokaa mwilini, wadudu wanaila, samaki wadogo wanawala wadudu, halafu kambare anawala hao wote na anaishi miaka akikusanya tu. Mzee akamfunua matamvua, "Binti, ona yalivyo mekundu, huyu ana sumu gani?" Haionekani mzee, wala hainuki. "Basi tukimkaanga sana itaungua." Haiungui, imeshikana na nyama yenyewe. Akanyamaza, nikajua kaelewa, kumbe anapiga hesabu: nikate kipande changu ila kichwa nisiguse, samaki anampelekea mkwe wake mjamzito. Nikamwambia mjamzito mtafutie sato, akacheka. Na kichwa ndicho nakitaka! Kambare hana magamba, umri wake unasomwa kwenye vijiwe vya sikioni, viko humo humo kichwani. Tukabishana hadi jua likatuwakia, watu wamejaa, mmoja ananiuliza nanunua kilo ngapi. Nikashindwa. Nikachuna ngozi upande mmoja, nikakata mnofu wa mgongoni saizi ya kiberiti, kisu kimeoshwa kwa asidi, glavu mpya, foili, barafu. Kwenye fomu, umri: haujulikani. Iliniuma sana. Angalau namba yake ya simu alinipa.

Saa 6 mchana maabara. Mashine inachoma kipande kidogo cha mnofu, mvuke wa zebaki unanaswa na dhahabu, halafu inasoma, kama dakika sita kila sampuli. Ila kabla ya samaki naingiza unga wa samaki ambao kiwango chake kinajulikana tayari, nione kama mashine inasema kweli. Leo imesema uongo, chini kwa asilimia 18. Nikarudia, chini tena. Nikasafisha vibakuli, nikavichoma vitupu, nikarudia, mgongo unauma, chai imepoa na ngozi juu, sijui saa ngapi huko ndio unga ukakubali, na hapo ndio unaanza na samaki wa kwanza.

Giza limeshaingia. Sato wote wako chini kabisa. Kambare 0.61, na kikomo tunachotumia ni miligramu 0.5 kwa kilo. Samaki mmoja hatoshi kutangaza kitu, lakini nikampigia mzee.

"Tulishamla mchana, mkwe kapewa kichwa."

Nikamwambia mlo mmoja siyo janga, tabu ni kuwala wakubwa kila siku, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, ubongo wake ndio unatengenezwa. Mpe sato mzee, au hao kambare wadogo.

"Wadogo?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wadogo si ndio mnatukamatia nyavu?"

Mzee, nimeshakwambia asubuhi, mimi siyo mtu wa nyavu.