Miwaridi yenye harufu hupogolewa Agosti

Mtu akinunua waridi la dukani, jambo la kwanza ni kulisogeza puani, na mara nyingi haambulii kitu. Mawaridi ya biashara yalichaguliwa kizazi baada ya kizazi ili yawe na bua refu na yavumilie safari ndefu bila kunyauka, na katika uteuzi huo harufu haikupewa uzito. Anayetaka waridi linalonukia kama marashi ya pwani, na linalochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, apande miwaridi ya vichaka.

Mwingereza David Austin, mzalishaji wa mawaridi, aliziunganisha sifa hizo mbili kwa kuchanganya mawaridi ya kale ya Ulaya, yenye petali nyingi na harufu nzito, na mawaridi ya kisasa yanayorudia kuchanua. Waridi lake la mwaka 1961, Constance Spry, lilinukia vizuri lakini lilichanua kwa msimu mmoja tu. Graham Thomas la mwaka 1983, lenye rangi ya manjano, huchanua na kurudia. Tabia hiyo ya kurudia asili yake ni mawaridi ya China yaliyofika Ulaya kuelekea mwisho wa karne ya 18.

Hapa Mbeya, kwenye mwinuko wa meta 1,700 hivi, ugumu haumo katika kuotesha bali katika kalenda. Maelekezo ya Ulaya humtaka mkulima apogolee majira ya baridi yanapoisha, wakati mmea umelala. Miwaridi yetu hailali. Hata Juni na Julai, baridi inapouma vidole, huzubaa tu. Kwa hiyo ni mkulima anayeamua ianze upya lini, na kwa maoni yangu wakati bora ni mwanzoni mwa Agosti, kwa sababu kutoka kupogolea hadi maua kufunguka hupita wiki 6 hadi 8, na maua yanayofunguka mwishoni mwa Septemba na Oktoba hukuta jua, joto la wastani na anga kavu, kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Mvua ndiyo adui wa waridi lenye petali nyingi. Tumba likilowa siku kadhaa mfululizo, petali za nje hugandana na kuwa kahawia kama karatasi iliyoloweshwa chai, na ua huozea ndani bila kufunguka. Majani nayo hupata madoa meusi yenye kingo zilizochanika, kisha hugeuka manjano na kupukutika. Kuvu wa ugonjwa huo huhitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa 7 ili aambukize, na ndiyo maana mtu wa Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko kwetu, aache nafasi kubwa zaidi kati ya vichaka ili upepo upite.

Katika kupogolea, ondoa kwanza matawi makavu na yanayosuguana, kisha punguza yaliyobaki kwa theluthi moja, ukikata mshazari juu kidogo ya jicho, yaani kichipukizi kidogo kwenye tawi, linalotazama nje. Weka samadi iliyooza vizuri na umwagilie shinani asubuhi, maji mengi mara chache kwa wiki. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni, kama wengi wanavyofanya, hulowesha majani na kuacha mizizi na kiu. Maua yakinyauka yakate mapema, kwani yakiachwa yatunge matunda, mmea huelekeza nguvu kwenye mbegu.

Majirani huomba vipando Oktoba, bustani inapopendeza, lakini mimi huwaambia wasubiri mvua, kwa kuwa kipando cha sentimita 15 hadi 20, kilichokatwa kwenye tawi lililomaliza kuchanua, hushika kwa urahisi udongo ukiwa na unyevu na kivuli kikiwepo. Mche wa namna hiyo una faida juu ya ule uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kwenye mizizi ya waridi la aina nyingine: chipukizi lolote litakalotoka chini ya ardhi ni la waridi lile lile, halina haja ya kung'olewa.