Vidole vyeupe kwenye baridi: vidonge havikutosha

Nilikuwa nikishika tu kitu cha friji, vidole viwili vinakuwa vyeupe kama chaki, kisha bluu. Damu ikirudi, vinawasha kama vimeguswa na upupu. Nikaanza na vidonge vya mafuta ya samaki, nikaongeza ginkgo, dawa ya mitishamba. Miezi mitatu, pesa imeteketea, nafuu kiduchu.

Daktari akasema ni ugonjwa wa Raynaud: mishipa midogo hujibana kupita kiasi. Ginkgo akanikataza kabisa, maana huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, nami nilikuwa nameza aspirini! Sigara nimeacha, kwani nikotini hubana mishipa. Glavu navaa kabla ya kutoka, si mikono ikishapoa, na kifua nakifunika. Mwili ukipoa, vidole ndivyo hunyimwa damu kwanza. Akaniandikia na nifedipini, dawa ya kulegeza mishipa ya damu. Msimu huu vidole vimeniganda mara mbili tu.